Mapumziko Kando ya Ziwa la Chumvi

Mwanamke wa Adumi hana desturi ya kupumzika. Alfajiri humkuta shambani, adhuhuri kisimani, na jioni mekoni akisonga ugali wa muhogo. Ndiyo maana safari ya mama mmoja wa huko, iliyomvusha daraja la Pakwach na kumfikisha Katwe katika wilaya ya Kasese, ilizusha maneno kijijini. Yawezekanaje mke wa mtu auache mji wake ili akatazame maji?

Maji yenyewe si ya kawaida. Ziwa Katwe limelala ndani ya shimo la volkano wala halina mto unaolitoka; jua hunyonya maji, chumvi ikabaki. Ukingoni yamechimbwa madimbwi mengi ya kuvunia chumvi, yaliyotengwa kwa kuta za matope. Kijana aliyewaongoza wageni alieleza kuwa utajiri huo uligombewa tangu zamani: Kabarega wa Bunyoro aliwahi kuumiliki, na mwaka 1891 Lugard akajenga ngome papo hapo. Aliwaonyesha pia magofu ya kiwanda ambacho mabomba yake yaliliwa na chumvi ile ile iliyotarajiwa kukitajirisha.

Kisha wageni waliketi kivulini, upepo ukiwapepea. Mama yule alinyoosha miguu mchana kweupe, jambo ambalo nyumbani hakulizoea. Hata hivyo macho yake hayakutulia. Ziwani, wanaume walisimama katika maji ya kifuani wakibandua mabamba ya chumvi kwa nondo. Madimbwini, wanawake waliinama wakikusanya chumvi nyeupe.

"Maji hayo hayawadhuru, mwanangu?" aliuliza.

"Huwadhuru, mama," kijana alijibu. "Huchubua ngozi, na mwenye kidonda hupata taabu kubwa. Tena mvua ikinyesha kabla ya mavuno, chumvi huyeyuka na kazi yote hupotea."

Ulipowadia wakati wa kununua, wenzake waliteremsha bei kama ilivyo ada ya sokoni. Yeye alichagua kipande cha chumvi ya mawe kwa ajili ya mbuzi wake, akalipa alichotajiwa. Ya kupikia ataendelea kuinunua dukani, ile iliyotiwa madini joto ya kuzuia rovu. Alipoulizwa kwa nini hakubishana, alisema kwamba yeye naye huuza muhogo, na anajua bei ikiteremshwa mzigo humwangukia nani.

Wapo wanaodhani kuwa mama akipewa siku moja ya kupumzika, nyumba imepoteza siku ya kazi. Siku ile ya Katwe ilipumzisha miguu iliyochoka. Aidha ilimpa mama nafasi ya kuitazama kazi ya wengine, nafasi asiyoipata akiwa ameinamia jembe lake. Watoto wake sasa wanajua ni mikono ya nani huvuna chumvi, na kwao kuimwaga ovyo si jambo la mchezo tena.