"Patient": Mgonjwa au Mwenye Subira?



Leo tuzungumzie neno la Kiingereza ambalo wengi wetu tunakutana nalo hospitali: "patient". Kwenye karatasi za daktari maana yake ni mgonjwa. Lakini mtu akisifiwa kwa neno hilo hilo, basi ni mwenye subira. Na ukitamka "patients", yaani wagonjwa, sikio halisikii tofauti na "patience", yaani subira yenyewe.

Maana hizi mbili zina mzizi mmoja. Neno limetokana na kitenzi cha Kilatini "pati", kuteseka na kustahamili. Likapita kwa Wafaransa, kisha Waingereza wakalipokea. Kwa asili yake, basi, mgonjwa ni yule anayestahamili maumivu.

Kiswahili chetu hakikuyafunga mambo haya pamoja. Ugonjwa una jina lake, na subira, tuliyoipata kutoka Kiarabu, ina lake. Lakini huku kwetu visiwani maisha huyafunga. Msichana anaumwa tumbo la hedhi hata hawezi kusimama, anaambiwa ndiyo uanamke huo. Mjamzito kichwa kinamgonga na macho yanaingia ukungu, anaambiwa subira huvuta heri. Mwengine ana uvimbe kwenye ziwa, anaona haya kusema, anaufunika kwa kanga.

Tumkumbuke Nabii Ayyub. Ndiye mfano wetu wa subira, na bado alimlilia Mola wake akamweleza dhara iliyompata. Hakunyamaza, na subira yake haikupungua. Kusema "naumwa" hakuvunji subira. Subira ina kazi yake ndani ya matibabu: kumaliza dozi, kurudi kliniki siku uliyopangiwa, kungojea majibu bila ya kukata tamaa na rehema za Mola.

Maumivu makali ya kichwa kwa mjamzito yanaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Saratani ya matiti ikigundulika mapema hutibika kwa wepesi zaidi. Mambo haya hayangoji.

Kwa hivyo mwenzako akikwambia anaumwa, kabla hujamuusia subira, muulize kwanza: "Umeshakwenda kupima?" Ikiwa bado, vaeni mabuibui yenu mwende pamoja.