Rauta Mbili, Nyumba Moja

Jumatano usiku niliahidi kuomba kwa video na mama mmoja wa Homa Bay aliyekuwa akingoja upasuaji asubuhi. Hapa Migori simu ilionyesha waifai imejaa, lakini intaneti hakuna. Nikakemea shetani, nikakemea na watoto. Mwishowe nikampigia simu ya kawaida, tukaomba.

Kesho yake kijana wangu akagundua shida. Nilikuwa nimeongeza rauta ya pili ili waifai ifike chumba cha nyuma. Zote mbili zilitumia anwani moja, 192.168.1.1, na zote zilikuwa zinazigawia simu anwani. Simu iliyofuata ile ya pili ilidhani iko mlangoni, kumbe iko ukutani. Akaipa ya pili 192.168.1.2, akazima ugawaji wake, akachomeka kebo kwenye tundu la LAN. Haikutupwa. Sasa inasambaza tu kile inachopokea.

Mpendwa, nilinyamaza. Wiki ile mimi na mama watoto tulikuwa tunatoa amri mbili katika nyumba moja, na watoto hawakujua wamfuate nani. Soma Mathayo 6:24. Hakuna kati yetu aliye rauta ya kwanza, ni Kristo. Sisi tunasambaza tu.

Nilimwomba mke wangu msamaha kabla ya chai. Mama wa Homa Bay alitoka salama, Mungu apewe sifa.

Nawe, kabla hujakemea shetani leo, angalia kwako ni nani anayegawa.