Mshairi wa Lifti Mjini Dayton

Ukifika Dayton, mji wa jimbo la Ohio nchini Marekani, kwanza utaonyeshwa duka la baiskeli la ndugu wawili, Wilbur na Orville Wright, walioruka kwa ndege yenye injini mnamo Disemba 17, 1903. Habari zao kila mwanafunzi anazijua. Lakini usiondoke, msomaji, kabla ya kufika nyumbani kwa Paul Laurence Dunbar.

Dunbar alizaliwa mjini humo mwaka wa 1872. Wazazi wake walikuwa watumwa huko Kentucky. Darasani mwake katika sekondari alikuwa Mweusi peke yake, na Orville alisoma naye. Dunbar alipoanzisha gazeti la Weusi, Dayton Tattler, mwaka wa 1890, akina Wright ndio waliolichapisha kwa mtambo wao. Halikudumu; pesa zilikosekana.

Orville hakumaliza shule, ila alijifungulia biashara. Dunbar alimaliza mwaka wa 1891, akabisha hodi ofisi hii na ile, rangi yake ikamponza. Akaishia kuendesha lifti kwa dola 4 kwa juma! Humo humo liftini aliandika mashairi, na kitabu chake cha kwanza akawauzia abiria wake kwa dola moja.

Mashairi hayo yalimvusha hadi Uingereza. Mwaka wa 1904 alimnunulia mamake nyumba hiyo unayoizuru. Hakuifaidi sana. Kifua kikuu kilimwua mwaka wa 1906, akiwa na miaka 33 tu. Alizikwa katika makaburi ya Woodland, walikozikwa baadaye Wilbur na Orville.