Mama Ndiye Eria 1

Leo nawapa stori ya ruta, lakini msikimbie, itafika hadi kwetu nyumbani.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, kazi ya kwanza nilipata kwa jamaa anayeuza intaneti mtaani hapa Nairobi. Kuvuta kebo, kupanda paa, kutukanwa na wateja. Huko ndiko nilijifunza OSPF, ile lugha ruta hutumia kuambiana njia. Ruta zikiwa nyingi unazigawa kwa eria, na kuna sheria moja haina mchezo: kila eria lazima iguse Eria 0, uti wa mgongo.

Sasa bosi alipata ploti mpya, akaziweka Eria 2. Lakini kebo zilifika Eria 1 tu. Kuvuta nyingine hadi Eria 0 ilikuwa pesa hana. Dawa ya hiyo ni kiungo pepe. Unachukua ruta mbili za mipakani mwa Eria 1, unaziambia zishikane kana kwamba Eria 0 imenyooka hadi kule. Hakuna waya mpya, Eria 1 ndiyo inabeba. Unaandika amri pande zote mbili, kila ruta ikitaja ID ya mwenzake: huku area 1 virtual-link 3.3.3.3, kule area 1 virtual-link 1.1.1.1.

Nikaweka. Ikashika. Nikajiona injinia.

Wiki kadhaa baadaye stima zikapotea. Ziliporudi, Eria 2 yote haikuwa na intaneti. Simu zikaingia kama mvua. Ilifika saa nane usiku ndio nikaona kosa, na lilikuwa langu. ID ya ile ruta ya mbali sikuwa nimeifunga, niliacha ijichagulie. Halafu nikaiongezea anwani nyingine ya lupubeki, kubwa kuliko ya kwanza. Ilipowaka upya ikachukua hiyo kama ID. Upande huu bado ulikuwa unatafuta 3.3.3.3. Eria 1 haikuwa na shida yoyote. Mmoja alikuwa ashabadilika jina, mwingine anaita lile la zamani.

Nikiwa hapo kwa ngazi na kompyuta magotini, nikamfikiria mzee wangu. Tangu niache chuo hatukuwa tumeongea moja kwa moja. "Mwambie baba nimetuma pesa ya stima." "Baba anauliza kama unakula vizuri." Zote zilipitia kwa mama. Yeye ndiye Eria 1 yetu, anabeba na hasemi amechoka. Na mzee bado alikuwa anatafuta yule kijana wa mwaka wa pili. Mimi si huyo tena, na sikuwahi kumwambia mimi ni nani sasa.

Wazee wa mtandao hukwambia kiungo pepe ni kiraka: kitakusaidia leo, lakini ukipata pesa vuta kebo.

Jumapili nikampigia. Dakika nne, nyingi za mvua na ng'ombe. Nikamwambia kazi nafanya, hadi ile ya kupanda paa. Akanyamaza, nikadhani amekata.

"Na huko juu," akauliza, "huwa unajifunga kamba?"

Wewe je, nani amekuwa akikubebea maneno? Mpigie yule mwingine leo.