Siku Tatu za Kipupwe Katavi

Mvua za masika zikishakwisha, Mkoa wa Katavi huingia katika miezi yake mizuri kuliko yote. Ni Juni, Julai na Agosti. Alfajiri mjini Mpanda baridi ni kali, na akina mama waendao sokoni hujifunga kanga mbili na kuvaa sweta juu yake. Ikifika saa nne jua limepanda, sweta zinavuliwa. Mahindi yamekwisha kuingia ghalani, barabara zimekauka na mbu wamepungua. Kwa watu wa ndoa wanaotaka kutoka nyumbani siku mbili tatu, hakuna majira yanayofaa kupita haya.

Huko Afrika Kusini na Ulaya, mume na mke wenye nafasi huenda milimani wakati wa baridi, wakazunguka katika mashamba ya mizabibu na kuonja mvinyo mmoja baada ya mwingine. Kwetu Tanzania zabibu ni mali ya Dodoma. Katavi hatuna mizabibu, ila tuna misitu ya miombo, na misitu hiyo inatupa asali. Nayo asali, kama mtakavyoona, huonjwa vilevile.

Tunaandika haya sisi wawili, baba na mama wa nyumba moja ya Mpanda, tuliofunga ndoa miaka kumi na tisa iliyopita na kujaliwa watoto wanne. Mwezi Julai mwaka 2025 ilifika barua ya uhamisho: Baba Neema anatakiwa kuripoti mkoa mwingine mwezi Septemba. Je, tuhame wote, au mama abaki na watoto? Suala hilo lilikaa nasi mezani wiki tatu bila kuzungumzwa sawasawa. Mkianza, mgeni anabisha hodi. Mkiendelea, mtoto anadai daftari. Mwaka huo Nanenane iliangukia Ijumaa. Tukamwomba shangazi mtu aje kukaa na watoto, tukafunga mfuko mmoja, tukaondoka.

Sitalike, kijiji cha viboko

Kituo cha kwanza kilikuwa Sitalike, kusini mwa Mpanda, mwendo usiozidi saa moja kwa gari. Hapo ndipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998, na leo ina zaidi ya kilometa za mraba 4,400. Wageni wengi wa nchi hii huishia Serengeti na Ngorongoro, kwa hiyo Katavi ni kimya. Unaweza kutembea asubuhi nzima usikutane na gari la pili.

Mwenye fedha kidogo asikate tamaa. Mto Katuma unapita pale pale Sitalike, na kutoka darajani viboko wanaonekana bila kulipa chochote. Sisi tulichangia gari na familia nyingine, tukaingia ndani. Ada ya raia ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya mgeni kutoka nje.

Kipupwe na kiangazi ndiyo miezi ya kumwona kiboko wa Katavi. Mvua ikikoma, Katuma hupungua siku hadi siku mpaka kubaki madimbwi. Viboko waliotawanyika kote mtoni hulazimika kujazana humo, mamia kwa mamia, mgongo kwa mgongo, katika tope lisilofunika hata masikio yao. Madume hugombana, na vidonda vyao huonekana. Mamba nao hujichimbia mapango katika kingo za mto, wakalala humo kukwepa ukame. Tulihesabu mamba watano katika pango moja, wamepangana kama magunia.

Askari wa hifadhi aliyetuongoza alitueleza habari ya kiboko jike. Hubeba mimba kwa muda wa miezi minane hivi. Siku zake zikikaribia hujitenga na kundi, huzaa peke yake, akakaa na mtoto wake pembeni kabla ya kumleta kwa wenzake. Humrudisha mtoto akisha kupata nguvu ya kusimama katikati ya wakubwa.

"Unaona?" akasema Baba Neema. "Hata huyu hukaa peke yake na watoto kwa muda."

"Naona," akajibu Mama Neema. "Lakini huyu baba wa mtoto hakumwachia ada ya shule."

Tulicheka sote garini, hata familia ile nyingine. Ila mlango ulikuwa umefunguka. Jioni, tumeketi nje ya nyumba ya wageni na vikombe vya chai, tulianza kuisema ile barua kwa mara ya kwanza bila haraka. Mama Neema alitaja hofu yake wazi: ameona nyumba ambazo baba alihamishwa "kwa muda tu", na muda ukawa miaka saba. Baba Neema naye alitaja yake: kupanga nyumba mbili kwa mshahara mmoja, na kuwahamisha watoto katikati ya mwaka wa masomo. Hatukufikia uamuzi usiku ule. Viboko walipanda kutoka mtoni kula majani, tukawasikia wakikoroma karibu, tukaingia ndani kulala.

Kuonja asali

Jumamosi asubuhi tulirudi Mpanda, na kabla ya kupanda gari la Karema tukapita kwa mama mmoja auzaye asali. Ndoo zake zilikuwa tatu, na alitupa vijiko.

Asali ya kwanza ilikuwa ya rangi ya chai nyepesi, laini, yenye harufu ya maua. Ya pili ilikuwa nyeusi kidogo, nzito, na inaacha ukali kooni. Ya tatu ilikuwa ya nyuki wadogo, wale wasiouma, nayo ilikuwa nyepesi kama maji na yenye uchachu. Watu wa huku huitumia zaidi kama dawa. Rangi na ladha hutegemea maua ambayo nyuki wameyatembelea. Miti ya miombo haichanui yote kwa wakati mmoja, basi asali ya msimu huu si sawa na ya msimu mwingine, hata ikitoka katika mzinga ule ule.

Akina mama wenzetu, tuliuliza mambo ya jikoni, na majibu haya yatawafaa. Asali ikiganda si dalili kwamba imetiwa sukari. Asali safi nyingi huganda. Iwekeni chupa katika maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Msiichemshe, maana harufu nzuri hupotea. Ifunikeni vizuri, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewa, na ikilowa huchacha. Na jambo kubwa kuliko yote: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa. Asali huweza kubeba vijidudu ambavyo mtu mzima havimdhuru, lakini tumboni mwa mtoto mchanga hutoa sumu ya hatari.

Mama yule alitueleza kazi yenyewe. Mume wake hurina. Wapo warinaji wanaotumia mizinga ya kisasa ya masanduku, na wapo wanaotundika mizinga ya magogo na magome kama babu zao. Wakati wa kurina wanaume huingia msituni, wakapiga kambi na kukaa huko wiki kadhaa. Tukamwuliza anawezaje.

"Nimezoea," alisema. "Ila tuna sharti letu. Akirudi, hata kama ni usiku wa manane, halali kabla hatujahesabu ndoo pamoja. Ndoo ngapi, fedha kiasi gani, ya nani. Kulala ni baadaye."

Tulinunua lita tatu. Njia nzima ya Karema sharti la mama yule lilikuwa kichwani mwetu.

Karema, ziwa na wazee wa zamani

Kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilometa mia moja kuelekea magharibi. Barabara inapita misitu na vijiji, halafu nchi inainama, milima inabaki nyuma na mbele yako pametanda Ziwa Tanganyika. Kwa kina ziwa hili ni la pili duniani, likifikia meta 1,470, na ng'ambo ni Kongo. Siku ya ukungu wa kiangazi huioni ng'ambo hiyo; unaona maji na mbingu tu.

Karema ni mahali pa historia ndefu. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold wa Pili walijenga ngome hapo. Mwaka 1885 ngome hiyo ilikabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers, ikageuka misheni. Ilikuwa zama za misafara ya watumwa, na wengi waliokombolewa walipata makao hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Askofu Adolphe Lechaptois alianzisha hapo hapo shirika la masista Waafrika, Masista wa Maria Malkia wa Afrika, ambao wasomaji wengi wa Rukwa na Katavi wamefundishwa au kuuguzwa nao.

Lakini jina ambalo wenyeji hawachoki kulitaja ni la Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo. Alitekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na White Fathers huko Algeria, akapelekwa Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema akiwa mganga na katekista, akatibu watu wa pwani hii mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 mahali pamoja. Hapo hapo alimwoa Agnes Wansahira, na mtoto wao Joseph akawa padre.

"Huyu alipewa uhamisho mmoja tu maisha yake yote," alisema Baba Neema.

"Na mke alimkuta huko huko alikohamia," akasema Mama Neema. "Wewe umenioa huku."

Jioni ile tuliketi ufukweni wavuvi wakitayarisha taa zao za kuvulia dagaa. Tulikuwa tumekula ugali na migebuka ya kuchoma, na hakuna aliyetuita. Tukatoa daftari. Neema yuko kidato cha nne na mtihani wake ni Novemba. Huyo hawezi kuhamishwa sasa. Wadogo zake wanamaliza mwaka Desemba. Basi tukaandika: Baba atangulie Septemba, akae chumba kimoja cha kupanga, sisi wengine tumfuate Januari. Katika miezi hiyo minne atakuja nyumbani kila mwisho wa mwezi, na kabla ya kulala tutahesabu pamoja, kama yule mama na ndoo zake: kilichoingia, kilichotoka, na cha nani. Tuliandika tarehe, kisha kila mmoja akatia sahihi yake.

Jambo moja halikumalizika. Mama mzazi wa Mama Neema ni mzee, anaishi Mpanda, na hataki kuhama. Tuliliandika nalo, tukaacha nafasi tupu chini yake. Jumapili tulisali na waumini wa Karema, tukaliweka mikononi mwa Mungu jambo hilo la mama mkwe, kisha tukarudi nyumbani mchana.

Kwa wanaotaka kwenda

Chukueni sweta na blanketi jepesi, maana usiku ni baridi. Hifadhini mnamo mbung'o, na hupenda nguo za buluu na nyeusi. Vaeni rangi ya udongo au kijani kilichofifia. Sitalike msitembee usiku kando ya mto, kiboko hana mzaha. Karema msiingie majini bila kuwauliza wenyeji, kwa sababu ya mamba. Gari la Karema liulizieni siku moja kabla.

Wako watakaosema kwamba safari ya mume na mke bila watoto ni anasa ya matajiri. La hasha. Injili ya Marko, sura ya sita, inatusimulia kwamba Bwana Yesu aliwaona wanafunzi wake wamezongwa na watu hata nafasi ya kula hawana, akawaambia wajitenge mahali pa faragha wapumzike. Kazi yao ilikuwa kubwa kuliko zetu, na bado waliambiwa waondoke kidogo. Asiyeweza siku tatu achukue moja, na asiyeweza Karema aende Sitalike, akae darajani na mwenzake na chupa ya chai.

Baba Neema aliondoka tarehe 1 Septemba na chupa moja ya ile asali. Mwisho wa mwezi alifika saa tano usiku, na daftari lilikuwa mezani.