Hesabu ya Matarajio

Zama za ujana wetu hapa kijijini Birongo, miaka michache baada ya mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kufanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, mwanafunzi aliyetaka kujua kama angepata chuo kikuu hakuwa na pa kuuliza. Kwani kozi alikwisha kuzijaza katika fomu kabla ya kuuona mtihani wenyewe, na bodi ya udahili, JAB, ilikata shauri huko mbali, ilhali sisi tulichuma majanichai na kungoja barua ipitie sanduku la posta la shule. Aliyeachwa hakuambiwa amepungukiwa na kiasi gani, na wazazi waliouza ng'ombe kwa ajili ya karo walisema ni majaliwa, wakanyamaza.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliiweka KUCCPS mahali pa bodi ile, na taratibu hesabu iliyokuwa ya faragha ikawa bayana. Juzi mwana wa ndugu yangu alinijia na simu mkononi, akasema, "Baba mdogo, hebu tazama, nimepiga klasta." Alikuwa na pointi 60 katika 84 za masomo saba, na 36 katika 48 za masomo manne yanayotakiwa na kozi anayoitamani. Kikokotoo cha mtandaoni kilizidisha sehemu hizo mbili, 60/84 na 36/48, kikatafuta kipeuo cha pili, kikazidisha kwa 48, na papo hapo ikatokea 35.132, kisha akailinganisha na pointi za mtu wa mwisho aliyepokewa katika kozi hiyo mwaka uliotangulia.

Nilimsihi asiichukue tarakimu ile kuwa ahadi. Vikokotoo hivyo hukisia tu, na kiwango cha mwaka jana ni habari ya watu wa mwaka jana: wakiomba wengi wenye alama za juu, hupanda, wakipungua, hushuka. Mwaka 2016, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu, usimamizi wa mtihani ulikazwa hata watahiniwa 141 tu nchi nzima wakapata wastani wa A, na aliyetegemea viwango vya nyuma hakuwa na dira. Kwa hiyo chaguo la kwanza na liwe la kujaribu bahati, walakini la mwisho liwe lile ambalo pointi za mwanafunzi zinakizidi kiwango chake kwa mbali.

Pamoja na hayo, naishukuru hesabu hii kwa dhati. Mtoto wa mkulima akikosa leo, anajua amekosa kwa pointi ngapi, naye anaweza kugeukia kozi nyingine, au stashahada katika chuo cha ufundi, kabla matumaini hayajamkauka. Kilichobaki ni wajibu wetu tuliotangulia kusoma: tuketi na vijana hawa majumbani, tuwafafanulie maana ya tarakimu hizo, maana haki ya kujua haimfai asiyefundishwa kusoma anachoonyeshwa.