Dawa ya Sungura

Kule Kalundu tulicheza usiku wa mwezi mpevu tu, na sababu ilikuwa ndagala. Gizani samaki hao hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukikomaa wao hutawanyika, na mvuvi gani wa Uvira atachoma mafuta bure? Basi siku hizo mitumbwi ilivutwa mchangani ikapinduliwa, na tumbo la mmojawapo likawa meza yetu.

Njoo usogee. Jua limetutoroka mapema, maana milima ya Mitumba iko mgongoni mwetu kabisa; ng'ambo, Bujumbura, bado wanaota la mwisho. Upepo unaleta harufu ya ndagala wanaokauka, na ya mawese yanayochemka kwenye sufuria ya jirani. Ubao wa mtumbwi ungali na joto la mchana. Koko, bibi yetu mzaa mama, ameketi juu ya ndoo, anachambua maharage kwa vidole, hata hayaangalii.

Kila mtoto alishika mnyama wake. Kiboko alikuwa jiwe la ziwani, Mamba kipande cha kasia. Sungura, Kobe na Kinyonga walikuwa kokwa za mchikichi, vijitu vilivyopotea ovyo kwenye nyufa za mbao. Wakubwa walipigana kwa vifuniko vya bia ya Primus: unatikisa vitano, unavimwaga, vinavyolala kinywa juu ndiyo mapigo yako. Wadogo hawakupewa pigo hata moja. Walipewa dawa, na dawa ilikuwa maneno. Unasimama, unaitunga papo hapo, iwe na mwendo wa wimbo, ukigugumiza, unaliwa. Koko ndiye aliyeamua kama imeshika.

Mimi kitinda mimba nilikuwa Sungura; yaya, kaka yangu mkubwa, alikuwa Kiboko. Usiku mmoja nilimgeuzia miguu yote minne kuwa miiko ya kusongea bugali.

"Koko, anadanganya!" yaya akalia. "Mwiko hautembei!"

"Ndiyo maana umesimama, mwanangu," Koko akasema, akatupa kijiwe kilichokuwa kwenye maharage.

Sungura wa hadithi hushinda kwa hila, mara nyingi hila chafu, na sijawahi kumpenda sana. Wetu alilazimika kusema wazi, wote wakimtazama mdomoni. Kiboko wa kweli naye alikuwa akitoka majini kula majani. Tukisikia mkoromo wake, wenye mapigo na wenye dawa tulikimbia pamoja.

Kabla ya Oktoba 1996, vita vilipotutawanya, huyu Fizi, yule Kigoma, tulipata mwezi mmoja mzuri sana. Yaya, sauti yake imeshaanza kukatika, akaomba kokwa. Tukacheka. Yeye hakucheka. Akakunja magoti awe mfupi, akaanza dawa ya kulikausha ziwa zima, kina chake chote cha mita 1,470 alichokikariri shuleni, mikebuka kulia, sangala kushoto, kuhe katikati, akienda vizuri kuliko nilivyowahi kwenda mimi. Kisha sauti ikapasuka katikati ya neno, ikapanda juu kama ya jogoo mchanga, naye akanyamaza kuisikiliza.

Jiwe la Kiboko lilikuwa mkononi mwangu. Nikatikisa vifuniko.

"Usirushe," Koko akasema. "Ameshaliwa."

Yaya akadai arudie. Tukamkatalia sote, Kobe na Kinyonga wakipiga kelele kutuzidi.